Kabla ya kuiaga platini, tuulize kaboni inadumu saa ngapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala uliozuka baada ya habari mliyochapa kuhusu seli za fueli, ambayo kichwa chake kiliwaambia wasomaji kwamba mkaa wa vifuu sasa unafanya kazi ya platini kwa gharama ndogo. Wasomaji kadhaa wameandika kwa furaha, na baadhi yao wanataka Serikali ijenge kiwanda mara moja kwa kuwa vifuu tunavyo, makapi ya miwa tunayo na madini ya kinywe, yaani grafaiti, yamejaa Mahenge na Ruangwa. Sina nia ya kuizima furaha hiyo, kwa sababu sehemu kubwa ya habari yenyewe ni ya kweli na ina historia ndefu kuliko ilivyoelezwa. Hoja yangu ni kuhusu kipimo. Mnunuzi wa seli ya fueli huuliza itafanya kazi kwa saa ngapi, wakati habari ile, kama nyingi za aina yake, ilitueleza tu ilikuwa na nguvu kiasi gani siku ya kwanza.

Kwa wasiolifuatilia jambo hili, seli ya fueli ni chombo kinachoikutanisha hidrojeni na oksijeni bila kuziwasha moto, hivyo nishati ambayo ingepotea kama joto la moto ikatoka kwa sehemu kubwa kama umeme. Katika aina inayotumika kwenye magari, upande mmoja, yaani kwenye anodi, hidrojeni hupasuliwa kuwa protoni na elektroni. Protoni hupenya utando mwembamba wenye tabia ya asidi, elektroni hulazimika kuzunguka kupitia waya, na huko kwenye waya ndiko tunakopata umeme wetu. Upande wa pili, kwenye kathodi, protoni na elektroni hukutana na oksijeni ya hewani, yakapatikana maji. Hidrojeni haina ubishi, kwani platini kidogo sana inatosha kuipasua. Mkorofi ni oksijeni, ambayo atomu zake mbili zimeshikana kwa nguvu na hazikubali kuachana haraka, na ndiyo sababu kubwa inayofanya seli ambayo kwa hesabu za vitabuni ingetoa volti 1.23 itoe kama 0.6 au 0.7 inapokuwa kazini. Platini nyingi ndani ya seli imewekwa kathodi kwa ajili ya shughuli hiyo moja.

Gari la Toyota Mirai lilipoanza kuuzwa Desemba 2014 lilitajwa kuwa na takriban gramu 30 za platini. Kwa bei iliyozoeleka kwa miaka mingi iliyofuata, ya karibu dola 1,000 za Marekani kwa aunsi, hiyo ni kama dola 1,000 ndani ya gari lililouzwa Marekani kwa dola 57,500, na msomaji makini anaweza kuuliza kelele zote hizi ni za nini. Jibu liko kwenye wingi. Utando, sahani, pampu na matangi hushuka bei kadiri vinavyotengenezwa kwa wingi, lakini platini haina desturi hiyo. Ikihitajiwa na wengi inaweza hata kupanda, kwa kuwa migodi ya dunia nzima hutoa chini ya tani 200 kwa mwaka, na karibu asilimia 70 ya hizo hutoka Afrika Kusini. Makadirio ya Wizara ya Nishati ya Marekani yameonyesha kwamba uzalishaji ukifikia mifumo 500,000 kwa mwaka, kichocheo, yaani kitu kama platini kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha, peke yake hubeba karibu asilimia 40 ya gharama ya mkusanyiko wa seli zilizopangwa pamoja. Ni haki kuongeza kwamba wenye platini nao hawakulala. Katika miaka ya 1980 watafiti wa maabara ya Los Alamos, jimbo la New Mexico, waliishusha kutoka miligramu 4 hivi kwa kila sentimita ya mraba hadi karibu 0.4, na lengo lililowekwa baadaye na wizara hiyo ni 0.125 kwa elektrodi zote mbili kwa pamoja. Anayetaka kuiondoa platini anapambana na mshindani ambaye bei yake ndani ya seli imekuwa ikipungua kwa miongo kadhaa.

Kaboni, kwa upande wake, haiingii seli ya fueli leo. Tayari imo humo, kwa kuwa punje za platini, ambazo upana wake ni nanomita chache tu, hubebwa juu ya masizi ya kaboni ili zitawanyike na zipitishe umeme. Jipya ni kuitaka kaboni yenyewe ifanye kazi ya mzigo inaoubeba. Mwaka 1964 Raymond Jasinski alionyesha kwamba kampaundi ya kobalti, ya jamii moja na rangi ya buluu inayotumika katika wino wa kuchapia magazeti, Mhariri, inaweza kushughulika na oksijeni kwenye kathodi. Baadaye ikabainika kwamba kampaundi za aina hiyo zikichomwa pamoja na kaboni huimarika, na kisha kwamba hata hiyo kampaundi ghali si ya lazima, mradi chuma au kobalti, nitrojeni na kaboni viingie pamoja katika joto kali. Kinachopatikana, kwa wanavyokubaliana wengi sasa, ni atomu moja moja za chuma, kila moja ikiwa imezungukwa na atomu nne za nitrojeni ndani ya karatasi ya kaboni. Mpangilio huo wa chuma katikati ya nitrojeni nne ndio uliomo katika damu yetu pia, pale hemoglobini inaposhika oksijeni.

Namna ya kukitengeneza inafaa kuelezwa, maana hapo ndipo mtu huona kwamba "kaboni ya bei nafuu" ni zaidi ya mkaa. Njia moja inayotumika sana huanza na fuwele nyeupe za zinki zilizounganishwa na kampaundi yenye nitrojeni, zikachanganywa na chumvi kidogo ya chuma. Unga huo huwekwa kwenye kitanuri cha mrija, hewa ikafukuzwa kwa gesi ya nitrojeni au agoni kama vile mchoma mkaa anavyofukia tanuri lake kwa udongo ili kuni zisiteketee, kisha joto likapandishwa hadi kati ya nyuzi 900 na 1,100. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, kwa hiyo hupaa na kuacha vitundu vidogo mno, na ndani ya vitundu hivyo ndimo atomu za chuma zinapokaa. Unga mweusi unaotoka huoshwa kwa asidi ili kutoa chuma kilichojikusanya mabonge, ambacho hakina kazi na kina madhara, kisha mara nyingi huchomwa tena. Joto likizidi kidogo nitrojeni hukimbia, likipungua kaboni haipitishi umeme vizuri, na chumvi ya chuma ikiongezwa kwa tamaa ya kupata atomu nyingi, zinaungana na kuwa punje zisizofaa. Mwaka 2022 watafiti wa Imperial College London na wenzao walieleza ujanja wa kuikwepa shida hiyo: wanazitanguliza atomu za zinki zishike nafasi wakati wa kuchoma, kisha wanazibadilisha na chuma katika joto la chini, hivyo chuma hakipati nafasi ya kujikusanya.

Matokeo ya kazi hizi yamekuwa makubwa, na hapa ndipo vichwa vya habari vilipozaliwa. Mwaka 2009 kundi la Jean-Pol Dodelet, huko Québec nchini Kanada, lilichapisha matokeo ya kathodi ya chuma ambayo mkondo wake, seli ikiwa kwenye volti 0.9 au zaidi, ulilingana na wa kathodi yenye miligramu 0.4 za platini kwa sentimita ya mraba. Wengi walidhani mbio zimekwisha. Lakini nguvu hiyo ilipungua haraka, na kundi lenyewe halikuficha. Mwaka 2011 Gang Wu, Piotr Zelenay na wenzao wa Los Alamos walionyesha kichocheo cha chuma na kobalti kilichokaa saa 700 bila kuchoka sana, habari njema kweli, ila msomaji anayefuatilia maandishi madogo ataona kwamba seli ilishikiliwa kwenye volti 0.4, ilhali gari huendeshwa kati ya 0.6 na 0.8, na volti za juu ndizo zinazokichosha kichocheo cha namna hii. Linganisha saa hizo 700 na saa 5,000 ambazo kwa muda mrefu zilikuwa lengo la gari dogo, au saa 25,000 zinazolengwa kwa malori ya masafa marefu. Vichocheo vingi vya chuma, nitrojeni na kaboni vinapowekwa katika asidi na kupewa hewa ya kawaida hupoteza karibu nusu ya mkondo wao katika saa 100 za mwanzo.

Sababu zake zinajulikana kwa kiasi, na moja yake inasikitisha kwa sababu mharibifu ndiye mtenda kazi mwenyewe. Oksijeni ikishughulikiwa hadi mwisho huwa maji, lakini safari nyingine kazi huishia njiani ikatoka hidrojeni peroksaidi. Peroksaidi ikikutana na chuma katika asidi huzaa vipande vya molekuli vyenye ukali wa ajabu, mmenyuko ambao Mwingereza Henry Fenton aliuandika mwaka 1894, na vipande hivyo huila kaboni inayokishika chuma, kisha huukata utando. Chuma kinachong'oka huelea, huingia kwenye utando na kuzuia njia za protoni. Kosa la peroksaidi hutokea kwenye platini pia, lakini platini haiuendelezi uharibifu kwa namna hiyo. Baadhi ya watafiti wamejaribu kobalti au manganisi badala ya chuma ili kuupunguza ubaya huu, na wameupunguza, ila nguvu ya mwanzo nayo ikapungua.

Kuna tatizo la pili ambalo bei kwa gramu hulificha kabisa. Kwa kuwa atomu za chuma zilizo kazini ni chache ndani ya unga mwingi, tabaka la kathodi hulazimika kuwa nene, kama maikromita 100, wakati la platini ni karibu 10. Hewa lazima ipenye unene wote huo, na maji yanayozaliwa ndani lazima yatoke; yasipotoka vitundu hujaa maji na seli huzama katika mazao yake yenyewe. Ili kupata nguvu ileile, mtengenezaji huongeza eneo la seli, maana yake utando zaidi, sahani zaidi na uzito zaidi, na akiba aliyoipata kwenye platini inaanza kulipia vitu vingine. Tena platini iliyochakaa huyeyushwa na kuuzwa upya. Kaboni iliyochakaa hutupwa.

Je, basi hakuna kilichofika sokoni? Kipo. Mwaka 2017 Ballard ya Kanada, ikishirikiana na Nisshinbo ya Japani, ilitangaza seli ndogo ya wati 30 ambayo kathodi yake haina madini ya thamani. Ni hatua ya kuheshimiwa, na ukubwa wake unaeleza mengi: wati 30 ni za kuchaji simu na vifaa vya mkononi, si za kusukuma basi, na kwenye anodi platini ilibaki.

Upande ambao kaboni inastahili sifa bila masharti mengi ni wa seli za alkali, ambazo ndani yake kuna alkali, kinyume cha asidi, na nashangaa habari yenu haikuugusa. Katika alkali oksijeni huwa mpole zaidi, chuma hakiyeyuki ovyo, na vitu vya bei ndogo kama nikeli, fedha, oksidi za manganisi na kaboni yenye nitrojeni huweza kushindana na platini ana kwa ana. Mirija midogo ya kaboni iliyotiwa nitrojeni, iliyochapishwa mwaka 2009 na kundi la Liming Dai, iliishinda platini kwenye kathodi, lakini katika alkali. Neno hilo likidondoka njiani kuelekea gazetini, maana nzima inabadilika. Seli za alkali zina adha yake, kwani hewa ya ukaa iliyomo hewani huungana na alkali na kufanya kaboneti inayoziba njia, na utando wa aina hiyo bado haujafikia uimara wa ule wa asidi. Hata hivyo kathodi za hewa zenye kaboni na manganisi zimekuwa zikiuzwa kwa miaka mingi ndani ya vibetri vya zinki vya vifaa vya kusaidia kusikia, ambavyo mtu huvibandua karatasi ili hewa iingie na betri ianze kazi. Kijana wa hapa anayetaka kutengeneza kichocheo cha vifuu kitakachonunuliwa angeanzia huko.

Sasa nije kwenye upimaji, maana mimi ni mwalimu wa kemia na jambo hili linanigusa. Kipimo kinachotoa sentensi "kimelingana na platini" mara nyingi hakifanyiki ndani ya seli ya fueli. Mtafiti hupima miligramu chache za unga mweusi, huzichanganya na alkoholi na matone ya plastiki ileile ya utando, hutikisa mchanganyiko kwa mawimbi ya sauti hadi uwe kama wino, kisha hudondosha tone moja juu ya kisahani cha kaboni ngumu chenye upana wa milimita 5 na kuliacha likauke. Kisahani hutumbukizwa katika asidi au alkali iliyojazwa oksijeni na kuzungushwa, kwa kawaida mara 1,600 kwa dakika, huku mkondo ukisomwa. Tone likikauka na kuacha duara nene pembeni na tundu katikati, tarakimu zote zinayumba, na mwanafunzi asiyeangaliwa huenda akairipoti siku ambayo tone lilikauka vizuri na kuziacha nyingine. Kipimo hiki ni kizuri kwa kuchuja unga mbaya. Hakisemi chochote kuhusu maji kujaa, unene wa tabaka wala saa elfu tano.

Zaidi ya hapo, elektrodi ya pili katika chombo hicho mara nyingi ni waya wa platini. Platini huyeyuka kidogo kidogo humo, ikahamia juu ya kaboni inayopimwa, na baada ya mizunguko mingi "kichocheo kisicho na platini" kinaonekana kuimarika kwa sababu kimeshapata platini. Kaboni ya mimea nayo ina siri zake. Vifuu na pumba hubeba chuma, manganisi na potasiamu kutoka udongoni, na mabaki madogo ya metali, ya kiwango ambacho vifaa vya kawaida havikioni, yameshathibitishwa kuchangia nguvu ya kaboni zilizotangazwa kuwa hazina metali. Mwaka 2020 Martin Pumera na wenzake huko Prague waliingiza kinyesi cha ndege ndani ya grafini, yaani karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja, kwa kejeli ya makusudi, na wakapata kichocheo bora kuliko grafini tupu. Walichokuwa wakiuliza ni kama maelfu ya makala zinazotia hiki na kile ndani ya kaboni zinatufundisha kitu. Nadhani swali hilo linatuhusu sana, kwa sababu utafiti wa mabaki ya mazao ndio ulio rahisi kwa vyuo vyetu, na makala ya kumi na moja juu ya ganda la kumi na moja haitatuongezea mengi.

Kuhusu madini ya kinywe, wasomaji wenzangu wameyachanganya mambo mawili. Kinywe cha asili ni magamba laini yaliyopangika vizuri, na kichocheo kinataka kinyume chake, yaani kaboni yenye vitundu vingi ambayo gramu moja ina eneo la mamia ya mita za mraba. Kinywe kina nafasi yake katika betri za lithiamu, na katika seli za fueli kina nafasi kwenye sahani zinazogawa gesi na kukusanya umeme, ambazo aina nyingi hutengenezwa kwa grafaiti. Hilo ni soko halisi na halihitaji kusubiri oksijeni ishindwe. Vilevile tusisahau kwamba platini tunayoshangilia kuondoka ni ajira ya jirani zetu kwenye migodi ya Rustenburg nchini Afrika Kusini na ya Great Dyke nchini Zimbabwe. Magari ya betri yanapunguza haja ya platini kwenye mabomba ya moshi ya magari ya mafuta, ambamo husaidia kusafisha moshi, na Afrika Kusini, ambayo tangu 2008 ina mpango wa taifa wa utafiti wa hidrojeni unaoendesha kazi ya vichocheo Chuo Kikuu cha Cape Town na Mintek, taasisi ya taifa ya utafiti wa madini, inazitegemea seli za fueli zinunue kile ambacho mabomba hayatakinunua. Kaboni ikishinda, ushindi huo utakuwa na mwenye kulia ndani ya bara hilihili.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mtakapochapa tena kwamba kaboni imeishinda platini, muulizeni mtafiti ilikuwa katika asidi au alkali, ilipimwa juu ya kisahani au ndani ya seli yenye utando na hewa ya kawaida, kwa volti ngapi, na baada ya saa 100 kilibaki nini. Akikwepa swali la mwisho, kichwa cha habari kipungue ukubwa. Kwa wenzangu walimu na wanafunzi walio maabara, ninachoomba ni rahisi zaidi kuliko kiwanda: kabla ya kuupima unga wa vifuu, ondoeni ule waya wa platini kwenye chombo mweke kijiti cha grafaiti, upelekeni unga wenyewe ukapimwe chuma na manganisi kabla ya kuandika kwamba hauna metali, na mchapishe pia matokeo ya matone yaliyokauka vibaya.

Wako,
Mwalimu wa kemia,
Morogoro